Bakuli, si Sahani

Nasiha Semkiwa aliniwekea kwenye ncha ya kidole
kitu kama tone lililokataa kudondoka.
"Kitazame kwa ubavu," akasema.
"Kingo zikisimama, ni bakuli: vaa.
Zikilalia nje, ni sahani: umekigeuza,
na jicho halili kwenye sahani hiyo."

Nami fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Mbili,
niliyezoea kujua ndani na nje ya kitambaa
kwa kukipitishia gumba tu,
nilikodoa, nikakosea mara tatu.

Miwani nilikuwa nimeichoka.
Ngamiani mwezi wa pili jasho halina adabu:
inateleza puani, inaangukia kwenye pindo la mtu.
Na siku ile ya mvua, juu ya baikeli, njia ya Chumbageni,
niliipa shikamoo nguzo ya umeme
nikidhani ni mama mkwe.

"Lakini hizi ni laini," nikamwambia. "Mbona Mwanaidi zilimshinda?"
"Laini ni jina. Hata dodoki ni laini likiwa na maji.
Likikauka, nani atalisugua usoni?"

Akavuta kiti.
"Jicho ni mwenyeji mwenye nyumba ndogo.
Kioo chake cha mbele hakina mshipa wa damu,
hewa yake anaipokea mlangoni, mkono kwa mkono.
Mgeni mnene akisimama hapo, akaziba,
jioni utaona wekundu.
Tafuta mwembamba wa kingo,
mwenye kupitisha hewa kama chandarua,
asije na kiu akaumaliza mtungi wa machozi.
Na asigande.
Ukipepesa asogee kidogo,
kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi,
kisha arudi palepale.
Akibana, atachora. Akilegea, atazurura."

Hapo nikaelewa, kwa lugha yangu:
kwapa la gauni.
Likibana, mkono hauinuki; likilegea, aibu.
Na miaka kumi na minane ya kushona
hakuna mteja aliyewahi kurudi
kunisifia kwapa.

Siku ya tano nilikata pilipili za achari.
Nikanawa. Nikadhani nimenawa.
*Pilipili usiyoila yakuwashia nini?*
Waliosema hivyo hawakuvaa lenzi.

Siku ya saba, shela ya bibi harusi, mshono mrefu,
feni ikinipuliza usoni,
nami nimeukazia macho uzi bila kupepesa
mpaka lenzi ikawa ganda la kitunguu.
Nikaigeuza feni ielekee ukutani.
Tangu hapo, kila nifikapo mwisho wa mshono
nafumba macho taratibu, moja, mbili, tatu,
machozi yapite, yatandike upya.
Wateja wanadhani nasoma dua.
Nawaacha.

Usiku mgeni huaga kabla taa haijazimwa;
Nasiha alilisema hilo akiwa amenishika mkono.
Kikasha kina vyumba viwili.
Dawa mpya kila usiku, si ya jana iliyoongezewa,
na maji ya bomba hata kwa bahati mbaya, hapana.
Nilichukua kalamu niandike kulia na kushoto.
Nikaandika K.
Nikaandika K.
Nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu,
kisha nikafunga uzi mwekundu upande wa kushoto,
uzi wa kanzu ya mtoto wa Shekalaghe,
uliobaki.

Leo mchana mteja kaniuliza, miwani umeiweka wapi?
Kidole kikapanda chenyewe kuisukuma puani,
mazoea ya miaka,
kikakuta pua.
Kikakaa hapo kidogo,
hakijui kirudi wapi.